Kimelea kinapoamua jeni zipi zisomwe

Wengi wakisikia kwamba kimelea "kinabadilisha jeni" za seli za kinga, hudhani kimechezea DNA yenyewe. Kwa kawaida sivyo. DNA hubaki vilevile. Kinachobadilika ni jeni zipi zinasomwa na zipi zinafungwa.

Mfano ninaoupenda ni Toxoplasma gondii, kimelea cha seli moja kinachojificha ndani ya kifuko katika seli ya mwenyeji. Mwili ukishagutuka, baadhi ya seli nyeupe hutoa interferoni gama, ujumbe wa kemikali unaozionya seli nyingine. Ikiifikia makrofaji, seli ya kinga inayomeza wavamizi, protini iitwayo STAT1 huamshwa, huingia kwenye kiini, hukaa juu ya DNA na kuwasha jeni nyingi mno. Moja hutoa IDO, kimeng'enya kinachovunja triptofani. Toxoplasma haiwezi kujitengenezea triptofani, kwa hiyo hukosa chakula.

Sasa chukua seli iliyovamiwa kabla ya interferoni kufika. Ukiipaka rangi inayonasa STAT1, kiini kinang'aa. Ukipaka ile ya IRF1, protini ambayo STAT1 huwa haikawii kuiitisha, ni giza tupu. Ujumbe umefika na umekaa mahali pake, ila hakuna kinachosomwa! Mwaka 2016 mhusika alijulikana: TgIST, protini ya kimelea inayopenya ukuta wa kifuko, ikaingia kwenye kiini na kujishikiza kwa STAT1. Hapo huliita kundi la protini la Mi-2/NuRD, ambalo kazi yake ni kukaza kromatini, yaani DNA ikiwa imezungushiwa protini zake, hata isisomeke. Kundi hilo ni la seli yenyewe. Mvamizi kaleta kufuli lake wapi? Katumia la mwenye nyumba.

Ndiyo maana kuwahi ni muhimu. Interferoni ikitangulia, silaha huwa tayari, na TgIST huwa imechelewa.

Hapa nitoe tahadhari kwa wanaosoma takwimu za RNA, yaani nakala zinazotoka jeni zikisomwa. Ukisaga sahani nzima ya seli, unapima zilizovamiwa pamoja na majirani zao. Tena Toxoplasma hudunga protini kama ROP16, inayoamsha STAT3 na STAT6, ndugu za STAT1, hata katika seli ambazo haikuingia. Mimi wastani wa sahani nzima siuamini mpaka nione seli mojamoja.

Theileria, kimelea kingine cha seli moja kinacholeta ndigana kali kwa ng'ombe, kina njia tofauti kabisa. Chenyewe hakina kifuko. Hukaa wazi ndani ya limfosaiti, aina ya seli nyeupe, na kuiwasha NF-kB, protini nyingine ya kuwasha jeni, bila kukoma, hivyo jeni za kuishi na kuongezeka husomwa mfululizo. Limfosaiti hugawanyika kama seli ya saratani, na kimelea hujifunga kwenye nyuzi zinazotenganisha kromosomu ili kigawanywe nayo. Ukikiua kwa dawa ya buparvakwoni, seli hizo huacha kugawanyika, na nyingi hufa baada ya siku chache.