“Mimi nipe i7 tu”: dhana potofu na ukweli kuhusu kulinganisha prosesa za kompyuta za mezani

Mteja akishataja bajeti yake, sentensi inayofuata huwa naijua kabla hajaitamka: “Fundi, mimi nipe i7 tu, hiyo i3 mpe mwanafunzi.” Nimeisikia kwa wahasibu, kwa wapiga picha za harusi na kwa wakuu wa shule wanaonunua kompyuta kumi kwa mkupuo, na mara nyingi huishia kwenye mashine ya mtumba iliyostaafishwa na ofisi fulani ya Ulaya, yenye stika ya i7 iliyokwisha kufifia, ilhali i3 ya miaka ya karibuni imekaa rafuni pale pale. Nimechoka kulieleza jambo hili kaunta, kwa hiyo nalieleza hapa kwa kirefu.

Dhana yenyewe ni kwamba i3, i5 na i7, majina ya prosesa za kampuni ya Intel, ni vipimo vya kasi, kama vile kilo ni kipimo cha uzito. Ukweli ni kwamba tarakimu hiyo ni cheo ndani ya kizazi kimoja cha prosesa (yaani toleo moja lililotoka kipindi kimoja), na nje ya kizazi hicho cheo hakina uzito. Nahodha wa timu ya mtaani ana cheo kikubwa kuliko mchezaji wa akiba wa timu ya taifa, lakini sijamwona mtu anayeweka dau kwamba nahodha huyo ndiye atakayetangulia kuufikia mpira.

Tuchukue prosesa mbili ninazokutana nazo mara kwa mara, yaani Core i7-2600 iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2011 na Core i3-12100 iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2022. Nazichagua kwa makusudi, kwa sababu kwenye karatasi zinafanana kama pacha. Zote zina viini 4 (sehemu zinazofanya kazi yenyewe) na nyuzi 8 (mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa wakati mmoja). Kasi ya msingi ya i7 ni gigahezi 3.4 (yaani mapigo bilioni 3.4 ya saa ya ndani kwa sekunde), na ya i3 ni 3.3, kwa hiyo mtu anayesoma mstari huo peke yake atasema i7 imeshinda. Kasi ya juu kabisa ni gigahezi 3.8 kwa i7 na 4.3 kwa i3, tofauti ya takriban asilimia 13. Hata hivyo, katika PassMark, programu ya kupima kasi ya kompyuta, i7-2600 hupata wastani wa karibu alama 5,300, na i3-12100 hupita 13,000. Katika sehemu ya jaribio inayotumia uzi mmoja tu, ya kwanza huwa karibu na 1,700 na ya pili karibu na 3,500. Wastani huo hupanda na kushuka kidogo kadiri watumiaji wanavyoendelea kupeleka matokeo yao, lakini pengo la mara mbili na zaidi haliondoki.

Pengo hilo limetoka wapi, ikiwa viini ni vilevile vinne na gigahezi zinakaribiana? Limetoka katika kiasi cha kazi kinachomalizika ndani ya kila pigo la saa. Kiini cha i7-2600 hufasiri hadi amri 4 kwa pigo moja na huweza kushika amri 168 zilizo njiani kwa wakati mmoja, kikichagua ipi iko tayari kutekelezwa kwanza. Kiini cha i3-12100 hufasiri hadi amri 6 na hushika 512. Kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya ngazi ya pili imepanda kutoka kilobaiti 256 kwa kila kiini hadi megabaiti 1.25, na ya ngazi ya tatu kutoka megabaiti 8 hadi 12, hivyo prosesa haisimami mara kwa mara kusubiri data kutoka kwenye RAM. Na hata inaposubiri, RAM yenyewe si ileile, kwani i7 hutumia DDR3-1333 yenye upana wa takriban gigabaiti 21 kwa sekunde katika chaneli mbili, wakati i3 ikiwa na DDR4-3200 hufikia 51. (Hapa nirudie ushauri ninaoutoa kila siku bila kusikilizwa: nunueni vipande viwili vya RAM vya gigabaiti 8, wala si kimoja cha 16, kwa sababu kipande kimoja huacha chaneli ya pili ikiwa imelala.)

Umeme nao una hesabu yake. I7-2600 imepangiwa wati 95, na i3-12100 imepangiwa wati 60 kama kiwango cha msingi na 89 inapokimbia kwa nguvu zake zote, maana yake ni kwamba kazi zaidi ya maradufu inafanyika bila kuvuka kiwango cha joto cha ile ya zamani. Kisha kuna mambo ambayo hakuna alama ya jaribio itakayoyaonyesha. Prosesa za kizazi cha 2, kama i7-2600, hazina seti ya amri za AVX2 (amri za kuchakata data nyingi kwa mkupuo), iliyoingia kwenye prosesa za Intel mwaka 2013, na baadhi ya programu za video na picha hukataa kufunguka bila seti hiyo. Windows 11 huitambua rasmi Intel kuanzia kizazi cha 8, na Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayenunua i7 ya mwaka 2011 leo kwa ajili ya ofisi ananunua pia tatizo hilo.

Sisemi kwamba aliye na i7-2600 nyumbani aitupe. Ikiwekewa SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) itaandika barua na kufungua Excel bila manung'uniko. Ninachokataa ni mtu kuilipia ziada kwa sababu ya stika. Mara nyingi stika haitaji kizazi, kwa hiyo fungua sehemu ya mfumo kwenye Windows na usome namba yote inayofuata baada ya kistari. Ikiwa namba hiyo ina tarakimu nne na imeanza na 2 hadi 9, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. Ikiwa na tarakimu tano, kizazi ni tarakimu mbili za mwanzo. Muuzaji asiyetaka uisome namba hiyo ameshakujibu.

Dhana ya pili, kwamba gigahezi nyingi ndizo kasi, ilipaswa kuwa imezikwa tangu mwaka 2006. Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004 kwa kurefusha njia inayopitiwa na kila amri hadi hatua 31, na kila ilipokosea kubashiri amri inayofuata ililazimika kuimwaga kazi iliyokwisha kuingia njiani. Core 2 Duo E6600 ilikuja miaka miwili baadaye ikiwa na gigahezi 2.4 na wati 65, ikaiacha mbali. Gigahezi hulinganishwa kati ya prosesa za muundo mmoja, basi.

Kuhusu wingi wa viini, mteja mmoja aliwahi kuniambia kwamba viini 8 ni kama wafanyakazi wanane. Sawa, lakini kazi isiyogawanyika hufanywa na mmoja huku saba wakitazama. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa ndiyo inayoweka kikomo cha faida ya kuongeza viini. AutoCAD, programu ya kuchora ramani za majengo, kwa sehemu kubwa ya kazi zake za kila siku, hutegemea uzi mmoja. Isitoshe, hata neno “kiini” limewahi kubishaniwa mahakamani nchini Marekani, kwa sababu prosesa za FX za kampuni ya AMD, mshindani wa Intel, zilizouzwa kama za viini 8 zilikuwa na viini vilivyopangwa viwili viwili, kila jozi ikichangia kitengo kimoja cha hesabu za desimali. Mwaka 2019 AMD ilikubali kulipa dola milioni 12.1 kuimaliza kesi hiyo.

Wale waliokwisha kupona dhana hizo huangukia nyingine, kwamba alama moja ya jaribio moja humaliza ubishi. Cinebench hupima uchoraji wa picha za pande tatu, na katika kazi hiyo Ryzen 7 5800X ya AMD huitangulia 5800X3D, kwa kuwa gigahezi zake ni 3.8 hadi 4.7 dhidi ya 3.4 hadi 4.5. Ukifungua michezo, mambo hugeuka na 5800X3D huongoza, kwa sababu ina megabaiti 96 za kashe ya ngazi ya tatu mahali mwenzake ana 32. Wote wawili wamepimwa kwa haki, kazi ndizo zilizo tofauti. Basi anza na programu unayoitumia, kisha utafute jaribio linalofanana nayo. Na tafadhali msiniletee alama ya Geekbench 5, jaribio jingine la kasi, mkailinganisha na ya Geekbench 6: ya kwanza iliwekewa msingi wa alama 1,000 kwa Core i3-8100, ya pili alama 2,500 kwa Core i7-12700. Hizo ni rula mbili tofauti.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi si kiasi cha juu cha umeme unaotumika. Core i9-12900K imeandikiwa 125, lakini inaruhusiwa kufika 241. Pawa saplai na feni zichaguliwe kwa namba ya pili.

Mwisho kuna herufi, ambazo wengi huziona kama pambo. Ryzen 7 5700 ina viini 8 na kasi ya msingi ya gigahezi 3.7, na Ryzen 7 5700X ina viini 8 na gigahezi 3.4, hivyo mnunuzi hudhani X imepunguziwa, kumbe ndiyo yenye megabaiti 32 za kashe badala ya 16 na PCIe (njia inayounganisha kadi ya michoro na SSD) ya toleo la 4 badala ya la 3. Kwa upande wa Intel, T ni prosesa iliyobanwa ili itumie umeme kidogo, na K ni ile inayokubali kuongezwa kasi, ikiwa ubao mama nao unakubali. F ndiyo inayonirudishia wateja. I3-12100F haina michoro ya ndani, kwa hiyo bila kadi ya michoro skrini hubaki nyeusi, na siku ya pili mteja anakuja na boksi kwapani akisema nimemuuzia prosesa mbovu.