Sura Haihaririwi kwa Kutumiwa Kiungo

Kila ninapokabidhiwa kuratibu kitabu cha makala, kile chenye sura 10 au 15 za waandishi mbalimbali, huwa najua kwamba hatakosekana msomi mmoja anayeheshimika atakayeandika katika kundi letu la WhatsApp: “Ndugu zangu, kwani sura zote si ziko mtandaoni? Kila mmoja aingie tu arekebishe, tumalize mapema.” Safari hii aliyeandika hivyo ni mhariri mwenza, mtu aliyekwisha kuchapisha vitabu vyake mwenyewe, nami nimeona afadhali niyaandike maelezo haya mara moja kuliko kuendelea kuyarudia kila mwaka kwa sauti inayozidi kukosa adabu.

Imani hiyo inachanganya uwezo wa kufungua faili na mamlaka ya kuibadilisha. Google Docs, programu ya kuandikia mtandaoni tunayoitumia, inaruhusu watu 100 kuwa ndani ya waraka mmoja kwa wakati mmoja, na waraka mmoja unaweza kubeba herufi milioni 1.02, kwa hiyo kiufundi hakuna kinachozuia kitabu kizima kukaa katika faili moja pamoja na waandishi wake wote. Kinachozuia ni kwamba uhariri ni mfuatano wa maamuzi, na kila uamuzi unategemea ule uliotangulia uwe umekwisha kufungwa. Mhakiki anapopima hoja, hoja hiyo haitakiwi kubadilika huku yeye akiwa katikati ya kuisoma. Mhariri wa lugha anaponyoosha aya, haitakiwi iwe ni aya ambayo mwandishi amekusudia kuifuta kesho yake asubuhi. Methali ya manahodha wengi haitoshi hapa, maana kwa mtindo huu wa “kila mmoja aingie” hata abiria wamepewa usukani.

Hatua zenyewe sitazieleza kwa urefu, kwa kuwa zinajulikana. Anayetaka kuziona zimepangwa afungue Open Monograph Press, programu huria ya Public Knowledge Project, mradi ulioanzishwa na John Willinsky mwaka 1998: uwasilishaji, uhakiki wa ndani, uhakiki wa nje, uhariri wa nakala (ndio uhariri wa lugha), kisha uzalishaji. Ni mpangilio mzuri, ila sisi wa vitabu vya makala unatubana, kwa sababu kinachosogezwa kutoka hatua hadi hatua ni kitabu kizima, wala si sura moja moja, ilhali kwa kawaida sura tatu huwa tayari kwa uhariri wa lugha wakati ya nne bado inasubiri mhakiki asiyejibu barua pepe. Ndiyo maana pembeni huwa naweka jedwali la kawaida, mstari mmoja kwa kila sura, na safu ninayoithamini kuliko zote humo ni ile yenye kichwa “Iko kwa nani”. Safu hiyo hupokea jina moja tu. Yakiandikwa majina mawili, kila mmoja atadhani mwenzake ndiye anayefanya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera hasa. Nikilalamika kwamba mtu ameingia katika sura isiyo zamu yake, hunijibu kwa utulivu: “Sijabadilisha kitu, nimependekeza tu.” Hali ya kupendekeza, ambamo badiliko husubiri pembeni mpaka mtu alikubali au alikatae, imekuwamo katika Google Docs tangu mwaka 2014, na nakiri kwamba bila hiyo kazi yangu isingewezekana, lakini watu huichukulia kana kwamba pendekezo halina uzito mpaka likubaliwe. Tazama sentensi hii: “Mtafiti huyu anadai kwamba matokeo yake yamepuuzwa na wenzake.” Mhariri wa lugha anagundua kwamba kazi inayorejelewa ina waandishi wawili, naye anaigeuza: “Watafiti hawa wanadai kwamba matokeo yao yamepuuzwa na wenzao.” Kwake yeye huo ni uamuzi mmoja. Ila akirekebisha neno moja moja, pembeni huweza kutokea visanduku vitano, kila kimoja na alama yake ya kukubali na ya kukataa, kwa sababu programu haijui chochote kuhusu upatanisho wa kisarufi.

Kisha mwandishi anafungua sura kwa simu akiwa ndani ya daladala, anakubali vinne na kimoja kinamponyoka. Kinachobaki ni “Watafiti hawa wanadai kwamba matokeo yake yamepuuzwa na wenzao.” Kama kilichoponyoka kingekuwa kitenzi, tungepata “Watafiti hawa anadai”, kosa ambalo mtoto wa darasa la tatu angeliona, na lisingenisumbua. Lakini “matokeo yake” ni Kiswahili sanifu kabisa. Msomaji ataelewa kwamba matokeo ni ya mtu mwingine aliyetajwa juu, msoma prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, ataipita bila kusita, na kitabu kitatoka kikimpa mtu asiyehusika matokeo ambayo hakuyapata. Usitegemee kikagua tahajia, maana lugha ya waraka ikiwa imeachwa Kiingereza kila neno hupigiwa mstari mwekundu, na wengi wetu tulikwisha kukizima.

Kwa hiyo katika vitabu ninavyoviratibu mwandishi hagusi alama ya kukubali wala ya kukataa. Akipinga pendekezo, ajibu ndani ya kisanduku chake na kueleza kwa nini. Anayekubali au kukataa ni mhariri wa lugha peke yake, akisoma sentensi nzima baada ya kila uamuzi. Nimejaribu pia kuwataka wahariri wafute sentensi yote na kuiandika upya ili ikubaliwe au ikataliwe kwa pamoja. Hilo linaondoa hatari niliyoieleza, lakini linamnyima mwandishi nafasi ya kuona kwa haraka ni nini kilichobadilishwa, na mwandishi asiyeona hukasirika, naye ana haki. Mpaka leo sijaamua ipi ni bora. Hutegemea subira ya mwandishi ninayeshughulika naye.

Alama ya kutatua maoni nayo ina mkasa wake. Mhariri anauliza, “Nukuu hii iko ukurasa gani?” Mwandishi analiona swali, anabonyeza alama ya kutatua kwa maana ya “nimeona, asante”, na swali linatoweka pembeni huku nukuu ikibaki bila ukurasa. Maoni hayo hayajafutika, yamo katika orodha ya maoni yote, lakini nani huenda kuyafukua? Aliyeuliza ndiye anayefunga. Hakuna ubaguzi katika hilo, hata kwa maprofesa.

Kuhusu wale wanaosema historia ya matoleo, yaani kumbukumbu ya faili lilivyokuwa kila lilipobadilishwa, itatuokoa, nitakuwa mfupi. Historia inaokoa maandishi, haiokoi maamuzi. Itakuonyesha aya iliyokuwapo Jumanne, lakini haitakuambia ni kwa nini mhariri aliiondoa. Toleo lisilopewa jina ni shida kulipata kati ya mamia, na majina yenyewe yana kikomo cha 40 kwa waraka, kwa hiyo lipe toleo jina mwishoni mwa kila hatua na si kila unapokwenda kunywa chai. Ukitengeneza nakala ya faili, historia haifuati nakala. Anayehifadhi “Sura ya 7 ya mwisho kabisa mpya” ameanza kitabu kingine. Sina ugomvi na anayeshusha sura na kuifanyia kazi kwenye Word kwa sababu bando limeisha au yuko mahali mtandao unapokatikakatika, mradi amewasha ufuatiliaji wa mabadiliko na mradi wakati huo sura iko kwake katika jedwali, maana wengine wote nitakuwa nimewaachia ruhusa ya kusoma tu.

Uhakiki wa siri, ambamo mhakiki na mwandishi hawatakiwi kujuana, ndio unaonitia mashaka zaidi. Mhakiki akiingia katika faili kwa akaunti yake, jina lake linaonekana. Akiingia kwa kiungo kilicho wazi bila akaunti, programu humficha kwa kumpa jina la mnyama, na mwandishi anabaki akikisia ni nani huyo aliyevaa ngozi ya kangaruu. Kwa hiyo wahakiki nawapa nakala ya PDF iliyoondolewa majina, na ripoti zao nazisafisha kwa kikaguzi cha waraka cha Word, kinachoondoa majina yaliyojificha ndani ya faili, kabla ya kuzituma, kwa sababu kila maoni hubeba jina la mwenye kompyuta. Hayo yote nayafanya kwa uaminifu. Lakini uwanja wa taaluma za Kiswahili ni mdogo: mhakiki akiona data za lahaja fulani ya Pemba na namna fulani ya kupanga hoja, kufikia aya ya tatu amekwisha kumtambua mwenye sura. Wapo wanaotaka tufanye uhakiki wa wazi, na kuna siku wananishawishi, hasa ninaposoma ripoti ya kikatili ambayo hakuna mtu angethubutu kuitia saini. Kisha nakumbuka ripoti za wazi nilizowahi kuziona, ambamo mwanafunzi alihakiki sura ya aliyekuwa msimamizi wake na asipate cha kukosoa isipokuwa koma mbili.

Masuala ya ulinganifu, kama vile Mkenya kuandika “tarakilishi” na Mtanzania “kompyuta”, yamalizwe katika mwongozo wa waandishi kabla sura ya kwanza haijaandikwa, si kwa amri ya kutafuta na kubadilisha mwishoni. Maneno hayo mawili yako ngeli moja, lakini jaribu kubadilisha “mtandao” kuwa “intaneti” katika kitabu kizima uone utakavyovuna “intaneti huu umeenea”.

Sura ikishafika kwa msanifu wa kurasa, faili la mtandaoni linafungwa. Sentensi moja inayoongezwa wakati huo husukuma mistari, mistari husukuma kurasa, na fahirisi inayotegemea namba za kurasa hizo hulazimika kuangaliwa upya. Masahihisho ya prufu yaletwe kwa ukurasa na mstari, yakionyesha kilichopo na kinachotakiwa, yote kwa pamoja katika barua pepe moja kutoka kwa kila mwandishi, na yakiniletea pendekezo la kuboresha mtindo nitalirudisha kwa mwenyewe.