Hakuna siri ya mashine, jamani

Juzi baada ya Isha nimekaa barazani hapa Shela, Malindi, na kikombe cha kahawa tungu, kijana mmoja wa tuktuk akanitolea ile hoja ninayoijua kwa moyo sasa: "Ami, ungekuwa kweli unaijua siri ya zile mashine za poka, ungeiandika mtandaoni? Mwenye siri hasemi." Watu wakacheka. Mwengine akadakia kwamba kasino za Marekani zilinifungia milango kwa kuwa nilikuwa nimezidukua mashine zao. Haya nimeshayajibu harusini, kwenye foleni ya benki, na mara moja makaburini, maiti hajafukiwa. Leo naandika nimalize.

Kwa asiyenijua: bahati nasibu pekee niliyowahi kushinda kwa bahati tupu ni ile ya viza ya Marekani. Nikaishia Las Vegas, na kwa miaka sita nikala kwa poka ya mashine. Mamangu hadi leo huwaambia watu nilikuwa "kwa kazi ya hoteli". Usiniulize kama ni halali. Suala hilo lina wenyewe, na jibu lao unalijua kabla hujafungua mdomo.

Sasa, poka ya mashine si mashine ya matunda. Ile ya matunda huwezi kuikokotoa ukiwa nje, kwa sababu hujui kila picha imepewa uzito gani ndani. Kwa hiyo usichukue neno langu hata moja ukaenda nalo kwenye zile bonanza za madukani. Poka ni mbali na hiyo: mashine inakugawia karata tano, unashika uzitakazo, unatupa nyingine zibadilishwe mara moja, kisha unalipwa kwa mkono ulioupata. Sheria ya Nevada, jimbo la Las Vegas, inataka mashine inayoonyesha karata igawe kama karata halisi: pakiti ya 52, kila karata na nafasi sawa na mwenzake. Na malipo yote yameandikwa pale pale kiooni. Mikono ya karata tano iko 2,598,960, kila mkono una njia 32 za kushika na kutupa, kompyuta ikazipitia zote. Basi. Siri iko wapi hapo?

Mashine ya jeki-na-kuendelea (inaanza kulipa kwa jozi ya jeki) inayolipa mara tisa kwa fulhausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine) na mara sita kwa flashi (tano zote za rangi moja, mfano shupaza tupu) hurudisha asilimia 99.54 ukicheza bila kosa. Ikishushwa iwe nane kwa tano, inarudisha 97.30. Kinachobadilika kiooni, ukicheza sarafu tano, ni 45 kuwa 40 na 30 kuwa 25. Mgeni hata haoni.

Nikupe mkono mmoja. Umegawiwa shupaza tano: kumi, jeki, kwini, kingi, na tatu. Hiyo ni flashi, sarafu 30 mkononi tayari. Mimi naitupa ile tatu. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo, bibi mzee aliyekaa kiti cha pili alinishika mkono kama mtoto anayetaka kuingia barabarani. Lakini hesabu. Zimebaki karata 47. Eisi ya shupaza inalipa 4,000, ndiyo royali: kumi mpaka eisi, rangi moja. Tisa ya shupaza, mfululizo wa rangi moja, inalipa 250. Shupaza sita nyingine ni flashi vile vile. Eisi tatu na tisa tatu za rangi nyingine ni mfululizo, 20 kila moja. Jeki, kwini na kingi tisa zilizobaki zinakurudishia sarafu zako tano. Jumlisha, gawa kwa 47: karibu 98. Tisini na nane kwa thelathini, na watu bado wananiambia mimi ni mcheza kamari.

Ujuzi huu kasino hawauogopi hata kidogo. Maduka ya zawadi ndani ya kasino huuza vikadi vya kukuonyesha ushike nini utupe nini. Bob Dancer, mmoja wa wachezaji mashuhuri wa mchezo huu, amefundisha darasa za bure ndani ya kasino zenyewe. Mwenye nyumba anakaribisha mwalimu! Kwa sababu anajua wanafunzi wengi watakunywa mbili tatu, watachoka, watafuata moyo, na watakosea. Mjuzi nusu ndiye mteja mzuri kuliko wote.

Ugomvi uko kwingine, na hapa ndipo watu wanaponichosha.

Ami yangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Mtoto yeyote wa mtaa akimfuata alimfundisha kufunga ndoana, kukata chambo, kusikia tewa anavyogusa kabla hajameza. Bure. Lakini umuulize mwamba wake uko wapi! Aliupata kwa kulinganisha mnara wa msikiti na mvinje mmoja ufukweni, na mvinje gani, hata wanawe hawakuambiwa mpaka walipoanza kwenda naye. Na mara mbili nimemshuhudia akizunguka baharini bure, anangoja mashua ya jirani ipite kwanza.

Poka ni hivyo hivyo. Namna ya kucheza ni ndoana. Kasino gani, kona gani, siku gani, ndiyo mwamba.

Chukua mashine ya robo dola, tisa kwa sita. Mkono mmoja, sarafu tano, ni dola 1.25. Mikono 600 kwa saa, zinapita dola 750, na unapoteza wastani wa dola tatu na nusu. Kadi ya mchezaji, ile ya kasino inayohesabu mchezo wako na kukupa pointi, ikikurudishia robo ya asilimia, bado uko chini. Lakini ikatangazwa siku ya pointi mara tatu: unarudishiwa dola tano na nusu hivi, unabaki na dola mbili kwa saa. Ndiyo hiyo siri mnayoniulizia, dola mbili. Kwenye mashine ya dola tano kwa sarafu inakuwa arubaini na kitu, na hapo mtu analipa kodi ya nyumba. Hali hiyo inadumu kwa sharti moja: wanaoijua wawe wachache. Wakija mia wote wanacheza bila kosa, mwenye kasino atauliza pesa zinakwenda wapi.

Mimi niliwahi kuutaja mwamba. Ilikuwa kasino ndogo, mbali na barabara ya watalii, mashine sita za tisa kwa sita karibu na mlango wa jikoni, zinanuka vitunguu. Nikaandika mtandaoni, najionyesha, sina la kuficha. Wiki ya tatu nikakuta viti vyote vimekaliwa na nyuso ninazozijua. Wiki ya tano nikafika asubuhi, nikatazama kioo kabla ya kuingiza pesa, kama kawaida: 40, 25. Zote sita. Kwa mchezo ule ule sasa ningepoteza dola ishirini kwa saa. Msimamizi akaja, mpole kabisa, akaniambia nakaribishwa kucheza ila kadi yangu haitapata pointi tena. Nevada wana haki hiyo, na hata ya kukuambia usirudi. New Jersey mahakama iliamua 1982, kwa wale wanaohesabu karata za blakjeki (mchezo mwingine wa karata), kwamba kasino haiwezi kumfukuza mtu kwa ujuzi wake tu. Lakini mimi sikuwa New Jersey.

Wenzangu walininunia mwaka mzima. Mmoja alihama kiti kila nikikaa.

Na siri ya kweli ya mashine imewahi kuwako, ili nisiseme uongo. Mwaka 2009 wachezaji wawili walitumia kasoro ya programu kwenye mashine za poka za Game King, wakawa wanalipwa ushindi ule ule kwa kiwango kikubwa zaidi. Walikamatwa, wakashtakiwa kwa sheria ya udukuzi wa kompyuta, na mwaka 2013 mashtaka yakaondolewa. Ile ilikuwa hitilafu, ikazibwa. Haihusiani na kutupa tatu ya shupaza.

Lililonikaa moyoni hata leo: sina hakika kama ni mimi niliyeua zile mashine sita. Kila mkono umeandikwa kwenye kompyuta ya kasino, na mhasibu wao angeweza kuona bila kunisoma. Wenzangu walitaka mtu wa kulaumu, na mimi nilikuwa nimejiandikia jina. Tena hata hizo faida zangu za miaka sita, sithubutu kuapa ni ujuzi. Royali huja mara moja kwa mikono elfu arubaini hivi, na peke yake inabeba karibu asilimia mbili za marejesho. Mtu aliyepata royali tatu zaidi ya haki yake na mchezaji bora kabisa, daftari zao zinafanana.

Kijana wa tuktuk nilimtumia mkono wa kujipima, jana usiku: jeki mbili, na kopa nne, jeki mmoja akiwa miongoni mwazo. Unashika zipi? (Jeki mbili. Zingekuwa tano mbili ningefuata kopa.) Amejibu leo asubuhi kwa sauti, injini inanguruma nyuma yake: "Sawa ami, lakini hiyo mashine yenyewe iko wapi?"