Je, wajua kwa nini watafiti wa Los Angeles walihamishia matibabu ya presha kwa kinyozi?

Mwanaume yeyote anajua mambo ya kinyozi. Unaenda kunyoa dakika ishirini unakaa masaa mawili, mpira unachambuliwa, siasa, nani kaoa nani kaachwa, na yule jamaa mwenye mashine anajua siri za mtaa kuliko hata mjumbe. Sasa kwa Wamarekani weusi ni hivyohivyo tena zaidi, maana enzi zile za ubaguzi wa wazi saluni ilikuwa moja ya biashara chache ambazo mtu mweusi aliweza kumiliki mwenyewe na wenzake wakakaa humo wakaongea bila kugeuka nyuma kuona nani anasikiliza.

Tuanzie na presha yenyewe. Marekani zaidi ya nusu ya watu wazima weusi wana presha ya kupanda, na wanaume wao wanakufa kwa moyo na kiharusi mapema kuliko wazungu. Wapo wanaosema ah, hiyo iko kwenye damu ya mtu mweusi. Haya, miaka ya 90 kuna watafiti walipima watu wenye asili moja ya Afrika Magharibi waliokaa sehemu tofauti: Nigeria na Cameroon wenye presha walikuwa asilimia 16, visiwa vya Karibi 26, na pale Maywood karibu na Chicago wakafika 33. Asili ileile, namba mara mbili. Kwa hiyo damu peke yake haitoshi kuelezea, hapo kuna chakula, kuna uzito, kuna maisha ya presha (samahani kwa utani), na kuna swali la nani anamfikia daktari na nani hamfikii.

Na hata anayeweza kumfikia, je anamwamini? Alabama, mji wa Tuskegee, kuanzia 1932 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, wakaambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa, kumbe wanaangaliwa tu ugonjwa unavyokwenda. Kufika 1947 penisilini ilishakuwa dawa inayojulikana kabisa ya kaswende, hawakupewa. Mpaka 1972 magazeti yalipoandika ndo ikasimamishwa! Rais Clinton aliomba radhi 1997, wengi wao wakiwa walishazikwa. Sasa wewe mjukuu wa watu hao mwambie aende kliniki akapimwe wakati hasikii maumivu yoyote, na presha ndivyo ilivyo, haiumi.

Hapo ndo anaingia daktari mmoja wa moyo anaitwa Ronald Victor. Wazo lake la kwanza alilijaribu Dallas, Texas, kwenye saluni 17. Vinyozi walifundishwa kupima presha, mteja akija kunyoa anavishwa kile kitambaa mkononi, namba ikiwa mbaya anaambiwa kaka nenda kamuone daktari, na ukutani wakabandika picha na habari za wateja wengine wa saluni hiyohiyo waliokwenda kutibiwa. Saluni nyingine zilipewa vipeperushi tu. Majibu yalitoka 2011 na hayakuwa ya kushangilia sana, waliodhibiti presha kwenye saluni za vinyozi waliofundishwa waliwazidi wale wa vipeperushi kwa kama asilimia 9 hivi. Si sifuri, lakini ukifikiria kazi yote ile... Tatizo lilikuwa wazi ukilitazama vizuri: kinyozi kafanya kazi yake, mteja kakubali, halafu safari ya kwenda kliniki inabaki palepale, foleni ileile, nauli ileile, na daktari mwenyewe mara nyingi anaona namba iko juu kidogo anasema tuangalie mwezi ujao.

Victor alivyohamia hospitali ya Cedars-Sinai kule Los Angeles akabadilisha kitu kimoja. Badala ya kumtoa mteja saluni kumpeleka kwenye dawa, dawa ndo imfuate mteja saluni. Akachukua wafamasia waliosomea presha, wakaingia makubaliano na madaktari wa wale wateja kwamba wafamasia ndo wataandika dawa, wakawa wanakwenda saluni kabisa wanakaa na mtu palepale anaponyoa. Saluni 52, wanaume 319, wote ni wateja wa kudumu na wote namba yao ya juu ya presha ilianzia 140 kwenda mbele. Kama nusu ya saluni zilikuwa na mfamasia, zilizobaki kinyozi anashauri tu mteja apunguze chumvi, afanye mazoezi, aende kwa daktari wake.

Dawa hazikuwa za ajabu hata kidogo, ni amlodipine pamoja na nyingine ya kawaida, ikishindikana wanaongeza ya tatu. Damu inapimwa kwa kutoboa kidole hapohapo. Kila akionana na mfamasia anapewa dola 25 za kumsaidia nauli na bei ya dawa.

Baada ya miezi sita, wale wa kushauriwa tu namba yao ya juu ilishuka kutoka kama 155 hadi 145. Wale wa mfamasia walitoka 153 wakafika 126! Waliofika chini ya 130 kwa 80 (namba ya juu kwa ya chini) walikuwa karibu 64 kwa kila mia, huku upande wa pili hawafiki hata 12. Nilivyosoma mara ya kwanza nikadhani nimekosea kusoma maana namba kama hizi kwenye utafiti wa presha hazipatikani kirahisi. Yakachapishwa Machi 2018, na walipopima tena mwaka ulivyotimia presha ilikuwa bado iko chini ingawa mfamasia alishapunguza kuja.

Watu wengi wakisimulia habari hii wanampa sifa kinyozi peke yake, mie naona si sawa. Kinyozi alikuwepo pande zote mbili, na Dallas pia alikuwepo. Kinyozi ndo alifungua mlango, ila kilichoshusha presha ni mtu mwenye mamlaka ya kuandika dawa kuingia kwa mlango huo. Ukiondoa mmoja wao hakuna kitu.

Suala la nani anaingia nalo lina uzito wake. Oakland, California, watafiti wengine waliwapata wanaume weusi kama 1,300, wengine kwenye saluni hizohizo za kunyolea na wengine kwenye magulio, wakawaalika kliniki, bahati nasibu ikaamua nani aonane na daktari mweusi na nani asiye mweusi. Walipoonyeshwa picha ya daktari tu hawakutofautiana. Walipokaa wakaongea naye, waliokutana na daktari mweusi walikubali zaidi kutobolewa damu na kuchanjwa mafua.

Kwa Walatino, ambao kisukari kinawasumbua kuliko wazungu, kazi ya namna hii iko kwa wale wanawake wanaoitwa promotora, majirani waliopewa mafunzo, wanaongea Kihispania, wanaingia jikoni kwa mtu na kumuuliza leo umepika nini. Hao wanastahili makala yao.

Victor alifariki Septemba 2018, miezi michache tu baada ya majibu kutoka. Swali aliloliacha ni la hela, kwa sababu utafiti una wafadhili lakini saluni ya kawaida haina, na bima nyingi zimezoea kumlipa mfamasia akiwa nyuma ya dirisha la famasi, si akiwa amekaa kwenye benchi la kinyozi anasubiri mteja amalize kunyolewa ndevu.