Bomba la alumini linabeba sumaku bila kuigusa

Vifaa vya somo hili utavipata kwa fundi wa madirisha ya alumini. Hapa Chake Chake, Pemba, mafundi hao hubakiwa na vipande vya bomba la pembe nne, na ukimwambia ni cha skuli aghalabu hukupa bure. Chagua cha mita moja, chenye ukuta mnene. Sumaku ndiyo utakayonunua, na iwe ya neodimi, ile aina yenye nguvu sana, na upana wake uiwezeshe kupita ndani ya bomba bila kukwaruza, ikibakiza nafasi ndogo tu. Ile nyeusi ya spika mbovu ni dhaifu mno, haitaonesha kitu.

Mbele ya darasa zima, gusisha sumaku kwenye bomba. Hainati. Dondosha boliti ndani: mita moja inakwisha kwa kiasi cha sekunde 0.45. Halafu dondosha sumaku, nayo inashuka taratibu kama mtu asiye na haraka. Hapo lazima atokee wa kusema, "Maalim, umetia gundi humo!" Mpe bomba alichungulie mwenyewe.

Walimu wengi huishia hapo, na kwa maoni yangu wanakuwa wameonesha kiinimacho tu. Maelezo yenyewe si marefu. Sumaku inaposhuka, uga wake, yaani eneo ambamo nguvu yake inafika, unabadilika katika ukuta wa bomba, na mabadiliko hayo yanazalisha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya alumini. Mwanasayansi Faraday aligundua uzalishaji huo wa umeme mwaka 1831. Mwanafizikia Lenz akaeleza mwaka 1834 kwamba mkondo huelekea upande wa kupinga kilichouzalisha. Basi mikondo iliyo chini ya sumaku inaisukuma juu, na iliyo juu yake inaivuta irudi. Sumaku ikizidi kasi, breki nayo inazidi, mpaka inalingana na uzito wake. Kuanzia hapo inashuka kwa kasi ileile. Kusimama haiwezi, maana ikisimama hakuna mabadiliko, hakuna mkondo, na breki inapotea.

Sasa lining'inize bomba kwenye mizani ya springi, kwa uzi mrefu, kwa sababu springi ni ya chuma na sumaku itaikimbilia. Kabla ya kudondosha, waulize kidato cha nne: mizani itasoma nini sumaku ikiwa njiani? Wengi watasema ileile, kwani sumaku haikugusa bomba. Dondosha. Mshale unashuka kwa kiasi cha uzito wa sumaku, na unarudi sumaku ikitoka chini. Bomba linaisukuma sumaku juu, sumaku inalisukuma bomba chini: ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, na hapa inasomeka kwenye mizani. Ukirudia kwa boliti isiyogusa kuta, mshale hautikisiki.

Atakayeuliza nishati imekwenda wapi, mwambie imekuwa joto. Sumaku ya gramu 25 ikishuka mita moja inatoa jouli 0.25 tu, bomba la gramu 300 halipandi hata sehemu moja ya mia ya digrii, kwa hiyo asihangaike kulipapasa.

Ukiwa na kipande cha pili, mwombe fundi alipasue kwa msumeno urefu wote, upande mmoja. Njia ya mikondo kulizunguka bomba inakatika, na sumaku inashuka kasi zaidi. Chuma cha ndani ya transfoma nacho hugawanywa kuwa mabati membamba yenye kihami, kitu kisichopitisha umeme, kwa sababu hiyohiyo. Ila usitarajie sumaku ianguke kama boliti katika bomba lililopasuliwa: mikondo hujitafutia mizunguko midogo katika ukuta uliobaki.