Kusakinisha R kwenye Linux kutoka katika furushi lililobanwa

Wanafunzi wa takwimu ninaowahudumia hapa Kampala huniuliza mara kwa mara kwa nini R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, wanayoipata kupitia apt, amri ya kusakinisha programu kwenye Debian na Ubuntu, iko nyuma ya ile inayotumika katika masomo yao. Sababu ni kwamba Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, hugandisha matoleo ya programu zake kabla ya kutoa toleo jipya la mfumo, na baada ya hapo huziba mianya ya usalama bila kuongeza mambo mapya. Zipo njia kadhaa za kupata toleo la karibuni, lakini mimi napendelea furushi la msimbo chanzo (programu ilivyoandikwa, kabla ya kujengwa iweze kuendeshwa), kwa mfano R-4.4.1.tar.gz, kwa kuwa hupakuliwa mara moja kwa bando la mtu mmoja, kisha hubebwa kwenye flashi hadi katika maabara ya shule isiyo na intaneti.

Kabla ya kulifungua, lihakiki. Amri ya sha256sum hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, nao unapaswa kulingana kabisa na ule uliotangazwa na waundaji. Ikitofautiana hata herufi moja, faili imeharibika njiani au imechezewa, na haifai kutumika. Uhakiki huo una mpaka wake. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili inayotumika karibu kila mahali kwenye Linux, na kipande cha kuuwasha mlango huo kilikuwa ndani ya mafurushi yaliyotolewa rasmi ilhali hakikuwamo katika hazina ya msimbo iliyo wazi kwa kila msomaji. Mfuatano wa sha256sum isingemwokoa mtu yeyote hapo, kwa maana aliyelitia sumu furushi alikuwa na mamlaka ya kulitoa. Hata hivyo, kwetu sisi ambao faili hupita kwenye flashi tano kabla ya kufika, hatari ya kila siku ni faili iliyokatika au kubadilishwa mkononi mwa mtu, na hiyo sha256sum huikamata.

Hatua inayofuata ni tar, amri ya kufunga na kufungua mafurushi. Anza na tar -tf, ambayo huorodhesha yaliyomo bila kuyafungua, ili uone kama yote yamo ndani ya folda moja au yatatawanyika ulipo. Ukiridhika, tumia tar -xf. Tar ya siku hizi hutambua yenyewe aina ya mbano.

Sasa angalia saa ya kompyuta. Mashine nyingi za maabara zetu zilinunuliwa zikiwa zimetumika, na betri ndogo ya ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika. Hapo tar hulalamika kwamba faili zina muda wa baadaye, na make, programu utakayoitumia baadaye kuijenga R kutoka msimbo chanzo, huandika «Clock skew detected. Your build may be incomplete». Onyo hilo lisipuuzwe, kwa sababu make huamua kipi kijengwe upya kwa kulinganisha muda wa faili, na saa ikidanganya, maamuzi yake nayo hayaaminiki. Rekebisha tarehe kwa sudo date -s (sudo huiendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi), ufungue furushi upya, halafu ununue betri ya CR2032. Saa ikiwa sahihi, utaratibu huohuo hugeuka kuwa neema: umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi unaandika make tena, nayo kwa kawaida huendelea pale ilipoishia.

Ndani ya folda, endesha ./configure --prefix=/opt/R/4.4.1, hati inayokagua kama mashine ina vinavyohitajika, huku prefix ikitaja folda ya kusakinishia; ongeza --enable-R-shlib ikiwa utatumia RStudio, programu ya kuandikia na kuendeshea R. Mara nyingi itasimama na kusema kwamba readline, maktaba (msimbo wa pamoja ambao programu huutegemea) ya kuhariri unachoandika kwenye dirisha la amri, imehitajika lakini «headers/libs are not available». Wengi huisakinisha readline wakaona ipo tayari, wakakata tamaa. Kinachokosekana ni faili zake za kujengea, ambazo kwenye Debian na Ubuntu zimo katika libreadline-dev. Kanuni hiyo hutumika kwa karibu kila maktaba itakayotajwa. Kompaila (kitafsiri cha msimbo) ya lugha ya Fortran, gfortran, nayo ni ya lazima.

Kisha make, na mwisho sudo make install. Kati ya configure, make na make install, hii ya mwisho tu ndiyo inayohitaji mamlaka ya msimamizi. Anayeanza na sudo tangu configure anaikabidhi mashine nzima kwa hati ambayo hajaisoma. Kuhusu prefix nina msimamo mkali: usipoiweka, faili zitamwagika ndani ya /usr/local zikichanganyika na nyingine, na apt haitaweza kuziondoa kwa kuwa haizijui. Zikiwa chini ya /opt/R/4.4.1, kuondoa ni kufuta folda moja, na matoleo mawili yanaweza kukaa pamoja bila kugombana. Kwa kuwa apt haiijui R hii, haitaiboresha pia, hivyo ni wajibu wako kufuatilia matangazo ya waundaji.

Maabara ikiwa na kompyuta nyingi za aina moja zenye toleo moja la mfumo, jenga kwenye moja tu, ifunge /opt/R kwa tar, na uifungue kwenye nyingine mahali palepale, maana njia hiyo imeandikwa ndani ya R yenyewe. Endesha ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo faili inazitegemea, juu ya faili za R zilizojengwa; maktaba itakayoonyeshwa kuwa «not found» ndiyo ya kusakinisha kwenye mashine hiyo.