Je, wajua kwa nini polisi wa Timor ya Mashariki walisambaratika miaka minne tu baada ya uhuru?

Hapa Ngamiani, jijini Tanga, muuza kahawa hukuuliza "wewe ni mtu wa wapi?" kabla hajakujazia kikombe cha pili, na ukimjibu kwamba babu yako alikuja kukata mkonge kutoka Kigoma au Songea, mazungumzo hunoga tu. Mjini Dili, mji mkuu wa Timor ya Mashariki, nchi ndogo ya Asia ya Kusini-Mashariki, mwaka 2006 jibu la swali hilohilo lilitosha mtu kuchomewa nyumba. Nchi hiyo ilikuwa imepata uhuru tarehe 20 Mei 2002, baada ya miaka 24 ya kukaliwa na Indonesia.

Wengi hudhani chanzo kilikuwa chuki ya makabila ya tangu zamani. Sivyo. Watu wa mashariki huitwa lorosae, upande wa macheo, na wa magharibi loromonu, upande wa machweo, na kila upande una makabila na lugha kadhaa. Naamini majina hayo yalinolewa makali ndani ya kambi za jeshi na vituo vya polisi.

Baada ya kura ya Agosti 1999, ambapo asilimia 78.5 walichagua njia ya uhuru, Umoja wa Mataifa ulilazimika kuunda polisi kwa haraka, ukawachukua pia mamia ya askari waliowahi kuitumikia polisi ya Indonesia, kwa kuwa ndio waliokuwa na ujuzi. Wapiganaji wa Falintil, jeshi la msituni lililopigana na Indonesia, ambao makamanda wao wengi walitoka mashariki, baadhi yao waliingizwa katika jeshi jipya na wengine wakaachwa bila kazi. Hebu fikiria uchungu wa mtu aliyelala msituni miaka mingi, kisha akamkuta kituoni, ndani ya sare mpya, yule aliyekuwa akimsaka. Baadaye polisi walipewa vikosi maalumu vyenye bunduki za kivita, na jeshi likaona limepata mshindani.

Mapema mwaka 2006 wanajeshi, wengi wao wa magharibi, walilalamika kwamba wanabaguliwa katika kupandishwa vyeo, na mwezi Machi karibu 600 kati yao wakafukuzwa, zaidi ya theluthi moja ya jeshi zima. Tarehe 25 Mei wanajeshi waliobaki jeshini walishambulia makao makuu ya polisi. Maofisa wa Umoja wa Mataifa wakasuluhisha: polisi waweke silaha chini, watoke salama. Walitoka kwa miguu, mikono mitupu, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na walipofika njia panda wakamiminiwa risasi. Wanane walikufa.

Tangu hapo polisi wa Dili hawakuwapo tena: chombo chao kilishindwa kuwalinda, kila mmoja akakimbilia kwao. Watu wapatao 150,000 walihama makazi yao.

Sisi nasi tuliyaonja hayo kwa sehemu Januari 1964, wanajeshi wa Tanganyika katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, walipoasi. Jeshi lile lilivunjwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa upya mwaka huohuo. Timor haikuvunja polisi yake. Umoja wa Mataifa ulishika tena kazi ya polisi, ukapitia mwenendo wa askari mmoja mmoja kabla ya kumrudisha kazini, na mamlaka kamili yakakabidhiwa kwa polisi wa nchi hiyo tarehe 27 Machi 2011.